Vyoo vya Dhahabu

Mtu mwingine akiona vyoo ishirini na vinne vimepangwa barazani, anaona vyoo. Fursa aliona duka.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho alikitoa pale tu alipobanwa. Mtaa mzima ulimwita Fursa kwa sababu hakuwahi kutamka neno "kazi" isipokuwa anapomsema mtu mwingine. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, koti la kijivu lililopigwa pasi upande wa mbele tu, tepu ya kupimia iliyoning'inia mkandani bila kuwahi kupima kitu, na ulimi uliokuwa na uwezo wa kumuuzia kinyozi nywele alizozinyoa mwenyewe. Alichokosa ni mlango. Biashara zake zote alizifanya wima, kwenye kona, kwenye ngazi za benki, chini ya miavuli ya watu, na mvua ikinyesha ofisi yake inafungwa. Kila asubuhi alipita mbele ya maduka akiwatazama wenye nayo wakiingiza ufunguo, wakisukuma mlango, wakipuliza vumbi la mezani, na wivu ukampanda. Mwenye ufunguo, alijiambia, hata akidanganya huitwa mfanyabiashara. Asiye nao huitwa tapeli hata akisalimia.

Asubuhi hiyo alikuwa anapita zake mbele ya hoteli mpya ya ghorofa tatu. Vyoo vile na masinki yake ishirini na manne vilikuwa barazani, vyeupe pe, na mwenye hoteli alikuwa akizunguka katikati yake akimlalamikia fundi bomba. Fursa aliinama kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba, akasikiliza.

Kumbe mwenye hoteli alikuwa ametembelea hoteli ya mwenzake, akakuta sinki la kunawia lina maua ya dhahabu. Tangu siku hiyo kitu cheupe kitupu kilikuwa kinampa homa. Alitaka majani ya dhahabu kwenye masinki yote, kwenye matangi ya vyoo, na, hapa aliteremsha sauti kidogo, jani moja ndani kabisa ya bakuli la choo, ili mgeni hata akiinamisha kichwa aone utajiri. Alikwenda kwa mama mmoja mwenye tanuri, huko nyuma ya gereji. Mama yule alimtajia bei na akamwambia asubiri wiki mbili. Uzinduzi ulikuwa baada ya wiki tatu, kwa hiyo muda haukuwa shida. Shida ilikuwa bei, maana mwenye hoteli alikuwa mtu wa kutaka pepo bila kufa.

Fursa alimjua mama huyo vizuri sana. Alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake, aliyemchukua akiwa na miaka minane na kumlea mpaka alipoota ndevu na visingizio. Mpwa mwingine angesema pale pale, bwana, yule ni shangazi yangu, mpe kazi, bei yake ni halali. Fursa aliyameza maneno hayo, yakashuka bila hata maji.

"Bei hiyo ni ya mtu mwenye tanuri la kuingia masinki mawili," alisema akiinuka. "Mimi nachoma kiwandani, yote kwa mkupuo mmoja. Nusu ya bei."

Mwenye hoteli alimpandisha na kumshusha kwa macho. Alimuuliza yeye ni nani, naye akajibu kwamba ni yule mtu aliyekuwa akitafutwa, ila jina lake lilikuwa bado halijafika. Kisha akaishika ile tepu, akaivuta, akapima choo kimoja upana, urefu na hata kina, akitikisa kichwa kama daktari anayepokea habari ambazo si mbaya sana. Tuseme ukweli: hakusoma namba hata moja.

Walivutana. Mwenye hoteli alitaka nusu ya nusu. Tena hata hiyo nusu ya nusu ilimuuma kuitoa, mpaka akapata wazo. Chini ya hoteli palikuwa na duka lenye mlango wa kioo, tupu tangu lijengwe kwa sababu kodi aliyoitaka ilimkimbiza kila mpangaji. Kwa nini asimlipe fundi kwa duka? Mwaka mzima bila kodi, na mkononi hatoi hata senti.

Fursa aliomba alione. Aliingia peke yake, akasimama katikati ya chumba kilichonukia rangi mpya. Mlango ulikuwa wa kioo kutoka juu hadi chini, una kishikio cha shaba, na kitasa chake kilikuwa kinang'aa. Alikigusa kwa kidole. Pale pangekaa meza, pale kiti cha mteja, na pale ukutani kalenda.

"Kwanza nioneshe sinki moja," mwenye hoteli alisema mlangoni, akatoa mfukoni bonge la waya wa kusugulia masufuria. "Mwaka jana fundi rangi mmoja aliniuzia rangi iliyoondoka na mvua ya kwanza. Siku hizi simwamini mtu. Nasugua."

Hapo mpango wa kwanza wa Fursa ulikufa, maana mpango wenyewe ulikuwa ni kununua stika za duka la vitabu na kuzipaka vanishi. Ilibidi apate picha za kuchoma, za kweli. Na mji mzima ulikuwa na mtu mmoja tu mwenye picha za kuchoma.

"Shikamoo, shangazi," alisema kesho yake kwenye lango la karakana, kofia mkononi.

"Marahaba, baba," alijibu shangazi. Alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na aproni yenye madoa ya kila rangi. Miaka miwili mpwa wake hakuwa amekanyaga pale. "Leo jua limechomoza wapi?"

Fursa alimmwagia maneno ya asali. Mji umemchosha, alisema. Ujanja hauzeeki vizuri. Anataka kukaa, ajifunze ufundi, afe na jina. Alipofika kwenye kufa na jina hata yeye mwenyewe aliguswa kidogo. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akamtazama juu ya miwani, akamsogezea kigoda, ndoo ya maji na masinki ya kuosha.

Kazi yenyewe Fursa aliijua nusu, kwa kuwa utotoni alikuwa anafundishwa nusu na nusu iliyobaki yuko mpirani. Picha hizo huchapwa kwa rangi ya madini juu ya karatasi maalumu. Unailowesha karatasi majini kwa muda mfupi, picha inaachana nayo kama utando wa maziwa, unaitelezesha juu ya kauri, unasukuma maji na hewa kwa kipande cha mpira mpaka isibaki hata chembe ya pumzi chini yake. Ikikauka, unaingiza tanurini. Moto ukifika digrii mia nane, picha na kauri vinakuwa kitu kimoja, na kuanzia hapo anayetaka kuitoa picha avunje sinki.

Kulikuwa na siri moja ambayo Fursa hakuisahau kamwe, kwa sababu ilinukia utapeli. Dhahabu kabla ya moto haifanani na dhahabu hata kidogo. Ni ya kahawia, rangi ya chai iliyosahaulika jikoni. Moto ndio unaoitoa. Mtu asiyejua angeitupa.

Kwa hiyo alipoona kwenye rafu ya wazi jalada limeandikwa DHAHABU, na ndani yake karatasi za njano zinazometameta, alicheka kimoyomoyo. Njano ile ilikuwa rangi ya kawaida, ya vikombe vya watoto. Na alipomwona shangazi akifungua kabati la chuma, akaweka humo bando la karatasi za majani ya kahawia lililoandikwa KAHAWIA TU, kisha akalifunga kwa ufunguo na kutikisa mlango kuhakikisha, alimwonea huruma bibi huyu na hila zake za kitoto. Nani anafungia kahawia? Maandishi yale yalikuwa ya kuwadanganya wezi wasiosoma shule. Yeye alikuwa mwizi aliyesoma.

Siku ya tatu shangazi alimwambia kwamba mtoto wa mdogo wake amejifungua, anakwenda kumwona, atarudi baada ya wiki. Amwachie karakana? Fursa alisema amwachie hata roho yake.

"Kabati usiguse," alisema shangazi. "Mle kuna kazi ya mtu."

Alichukua mkoba wake, akafika langoni, akasimama. Alirudi hatua mbili.

"Baba, kama una neno la kuniambia, niambie sasa, kabla sijaondoka."

Pale pale Fursa aliona mbele yake mlango wa kioo, kishikio cha shaba, kitasa. Aliona pia mikono ya shangazi iliyoshika mkoba, mikono iliyompikia uji miaka kumi. Aibu ilimchoma, nayo ilikuwa aibu ya kweli, lakini ilidumu kwa muda wa mtu kunawa mikono.

"Neno langu ni safari njema, shangazi," alisema.

Shangazi aliitikia kwa kichwa taratibu, akaenda zake.

Ufunguo wa kabati ulikuwa kwenye kopo la chumvi jikoni, mahali ulipokaa tangu Fursa ana miaka minane. Alichukua karatasi ya juu kabisa ya lile bando, akaibandika kwenye sinki aliloazima hotelini, akaliingiza tanurini, akaketi mbele yake jioni nzima akiuma kucha. Asubuhi tanuri lilipopoa alifungua. Jani la kahawia lilikuwa limegeuka dhahabu, linawaka juu ya weupe. Lilikuwa limekaa upande kidogo, lakini dhahabu ikikaa upande huitwa mtindo.

Mwenye hoteli alilisugua. Alilisugua kwa waya, akalimwagia maji yanayochemka, akalipaka siki, akalikwaruza kwa sarafu, na mwisho, alipodhani hakuna anayemwona, akalilamba. Jani lilibaki vile vile.

"Haitoki?" aliuliza, pumzi zikimpaa.

"Haitoki," alisema Fursa. "Wewe utatoka, mimi nitatoka, wajukuu wako watauza hoteli na kuinunua tena, jani litabaki."

Makubaliano yaliandikwa kwenye karatasi moja: duka la chini, mwaka mzima, kwa jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho. Ufunguo atakabidhiwa siku tanuri litakapofunguliwa. Fursa aliisoma karatasi ile mara nne. Alikuwa hajawahi kuona jina lake kwenye karatasi ambayo haikuwa ya kumwita polisi.

Kisha ikaja sehemu ambayo hakuipanga, nayo ni kazi. Bando lote alilihamishia hotelini, na kabatini akaacha karatasi za kufungia zilizokatwa kwa ukubwa ule ule. Ilimbidi abandike peke yake, maana tapeli mwenye msaidizi ana shahidi. Alibandika siku nne, kuanzia asubuhi hadi giza lilipoanza kuingia. Alilowesha, akatelezesha, akasukuma hewa. Alipiga magoti mbele ya vyoo ishirini na vinne, kimoja baada ya kingine, kichwa ndani ya bakuli, akibandika lile jani la chini ambalo hakuna mwenye akili angelitaka. Mgongo ulimkatika. Vidole vilikunjamana kwa maji. Mafundi wa umeme walimsifu kwa bidii, na sifa ile ilimchanganya, hakujua aiweke wapi. Ndugu msomaji, wizi nao una jasho lake, ila haulipi bima.

Kiwanda cha vigae kilikubali kuchoma mzigo wote kwa mara moja, kwa gharama ya mwenye hoteli. Vyombo vilipakiwa kwenye magari mawili, vikaingizwa kwenye tanuri kubwa kama nyumba, na mlango ukafungwa. Siku ya pili, saa nne asubuhi, ikawa ya kufungua.

Mwenye hoteli alikuja na suti, mke wake na mpiga picha. Ufunguo wa duka ulikuwa kwenye kidole chake, akiuzungusha. Fursa alikuwa amepiga pasi koti pande zote mbili. Alisimama karibu na ule ufunguo kuliko karibu na tanuri.

Msimamizi wa tanuri alivuta toroli la kwanza. Choo cha mbele kabisa kilitoka kikiwaka majani ya dhahabu, tangi, ubavu na ndani ya bakuli. Mpiga picha alipiga. Mwenye hoteli alipiga makofi, akamkumbatia Fursa, na ufunguo ukamgusa Fursa mgongoni, baridi, mtamu. Alifumba macho.

Alipoyafumbua, makofi yalikuwa yamekwisha. Toroli lilikuwa limetoka lote. Nyuma ya kile choo kimoja kulikuwa na vyoo vingine, na vyote vilikuwa vya kahawia. Majani yalikuwa ya kahawia kwenye tangi, na ubavuni pia yametapakaa. Ndani ya bakuli, chini kabisa, pale maji yanapotuama, lilikaa jani moja la kahawia lililokolea, lisilo na haja ya maelezo. Toroli la pili lilikuwa hivyo. La tatu, la masinki, hivyo hivyo.

Mke wa mwenye hoteli aliinama, akachungulia choo cha karibu, akachungulia cha pili. Alijifunika pua kwa ncha ya mtandio.

"Nani ameanza kuvitumia?" aliuliza.

Moyo wa Fursa ulianguka, lakini ulimi ulibaki umesimama, kwa mazoea. Alieleza kwamba hii ni dhahabu iliyotulia, dhahabu ya wafalme wa zamani, kwamba dhahabu ya kuwaka siku hizi ni ya watu wanaojionesha. Aliongea vizuri. Hata msimamizi wa tanuri alianza kutikisa kichwa kukubali. Mwenye hoteli alitoa bonge la waya mfukoni, akapiga magoti na suti yake mbele ya choo, akaingiza mkono bakulini na kuanza kusugua. Alisugua mpaka jasho likamtoka, mpaka waya ukakatika vipande.

"Haitoki," alisema, hakumwuliza mtu.

"Haitoki," Fursa alijikuta ameitikia.

Hapo alikamatwa ukosi. Mwenye hoteli alimnyang'anya kitambulisho, akamwambia mpiga picha ampige huyu mtu picha ya uso na ya ubavu, na neno polisi likatajwa mara tatu. Aliyemwokoa ni msimamizi wa tanuri, tena bila kukusudia. Alisema, huku akifuta mikono, kwamba hasara ile inatibika. Kahawia inafunikwa na dhahabu, jani kubwa kidogo juu ya jani dogo, kisha inachomwa tena. Ila lazima liwe jani la umbo hilo hilo, na la vipimo vyake, na kwa mji huu anayeweza kulichapa ni mama mmoja, yuko nyuma ya gereji.

Mwenye hoteli na Fursa walitazamana, kila mmoja akitamani mwingine awe hamjui mama huyo.

Shangazi alikuwa amesharudi. Walimkuta ameketi kwenye kigoda, na mezani, mbele yake, bando la karatasi za majani ya kahawia, makubwa kidogo kuliko yale ya kwanza, zimekatwa na kuhesabiwa tayari. Fursa aliliangalia bando lile, akamwangalia shangazi. Alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa.

Shangazi alimsalimia mwenye hoteli, akamuuliza hali ya nyumbani, akamsikiliza akisimulia msiba wake mpaka mwisho bila kumkatiza. Alisema pole. Alisema kazi inawezekana, na bei yake ni ile ile aliyomtajia mara ya kwanza, hajapandisha.

"Bei ni ya majani," aliongeza. "Kuna na ya haraka. Nimesikia una duka chini pale, lina mlango wa kioo."

Mwenye hoteli alisema duka lile ni la mwaka mmoja tu. Shangazi alisema yeye alikuwa anafikiria miaka mitatu. Mwenye hoteli alisema hiyo ni unyang'anyi. Shangazi akakubali kwa upole kwamba inawezekana, akaanza kurudisha karatasi kwenye bando. Uzinduzi ulikuwa umebakiza siku tisa, kadi za mwaliko zilikuwa zimeshagawiwa, na vyoo ishirini na vitatu vilikuwa vinaonekana kama vimetoka kwenye msiba wa matumbo. Mwenye hoteli alitoa ile karatasi ya makubaliano. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kubana hata karatasi, hakuandika mpya. Alikata jina la Fursa kwa mstari mmoja, akaandika la shangazi juu yake, na penye mwaka akaongeza miwili.

Fursa aliitazama kalamu ikipita juu ya jina lake. Iliuma. Amefukuzwa kwenye kona, amemwagiwa maji na wauza chai, amelala rumande na wakata mifuko, na hakuna kilichowahi kumuuma hivyo.

"Na huyu namkabidhi polisi," alisema mwenye hoteli.

"Mwache," alisema shangazi. "Nina majani ya kubandika, na huyu sasa ameshajua kupiga magoti."

Walibandika pamoja, siku mbili, barazani pa hoteli, shangazi kwenye kiti na Fursa chini. Siku ya pili, kwenye choo cha kumi na saba, Fursa alishindwa kujizuia, akauliza alijuaje.

Shangazi alicheka mpaka miwani ikateleza. Mwenye hoteli, alisema, alikuja kwake Jumatatu, akaondoka amenuna. Jumatano mpwa wake, ambaye hajamwona kwa miaka miwili, akaingia na shikamoo ndefu, anataka kufa na jina. Bando la kabatini lilikuwa la mteja mmoja aliyetaka majani makavu kwenye vikombe, akahama mji bila kulichukua, lipo tangu mwaka juzi. Juu yake aliweka karatasi mbili za dhahabu, umbo lile lile. Ya kwanza ya kumshawishi tajiri, ya pili ya kumshawishi zaidi.

Kisha alichukua karatasi mbili, moja ya dhahabu na moja ya kahawia, akazishika sambamba na kuziinamisha kwenye mwanga. Moja ilipitiwa na mng'ao wa mafuta juu ya maji. Nyingine ilibaki imenuna.

"Hivi ndivyo zinavyotofautishwa," alisema. "Nilikufundisha una miaka kumi na miwili. Yaani nilianza kukufundisha, nikageuka, wewe upo mpirani."

Fursa alisukuma hewa chini ya jani, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Lakini ufunguo uliuacha pale pale kwenye chumvi, shangazi."

"Niliuacha. Na pale langoni nilirudi hatua mbili, sikurudi?" Hakuwa anacheka tena. "Ungesema neno moja, baba. Ungesema, shangazi, kuna kazi kwa fulani, nimekuzunguka. Ningekwambia chukua bando la dhahabu liko chini ya kitanda changu, twende wote. Na duka tungeandika majina mawili."

Fursa alitaka kujibu. Alikuwa na majibu ya kila aina, ya kuchekesha na ya kuliza, yamepangwa tayari. Alitafuta moja la kweli, hakulipata, akainamisha kichwa ndani ya bakuli la choo na kukaa humo mpaka macho yalipokauka.

Uzinduzi ulipita. Wageni walisifu majani, na mwenye hoteli alimwambia kila mtu kwamba wazo la kuyafanya makubwa lilikuwa lake. Wiki iliyofuata shangazi alihamia dukani. Aliweka meza pale Fursa alipoiona, kiti cha mteja pale, na ukutani kalenda. Masinki yenye maua yalipangwa mbele ya kioo, na Fursa akapewa kitambaa ayafute, kwa chakula cha mchana na nauli. Kitambulisho chake kilikuwa kwenye droo ya shangazi, mpaka ajifunze nusu iliyobaki.

Saa sita ya siku ya kwanza shangazi alivaa viatu kwenda benki. Alimtazama mpwa wake, akatazama masinki, akatazama droo. Hakutaka kumtoa nje kwenye jua, ni mtoto wa kaka yake, lakini pia hakuwa mjinga. Alitoka, akavuta mlango wa kioo, akaufunga kwa nje, akatia ufunguo kwenye mkoba.

Fursa alisimama na kitambaa chake, amefungiwa. Alijaribu kile kishikio cha shaba kwa ustaarabu, mara moja tu. Nje mtaa ulikuwa unapita kama kawaida. Muuza karanga aliyekuwa jirani yake wa kona kwa miaka sita alikuwa anapita na sinia kichwani. Alimwona, akarudi nyuma, akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Alitazama masinki, meza, kalenda. Alibaki mdomo wazi.

"Bosi," alisema kupitia kioo. "Hili lako?"

Fursa alitupa kitambaa chini ya meza. Aliweka koti sawa, akakaa kwenye kiti cha shangazi, akapandisha mguu mmoja juu ya mwingine. Muuza karanga alionesha kwa mkono kwamba angependa kuingia. Fursa alitikisa kichwa kwa masikitiko, akagonga mkono wake mahali ambapo saa ingekaa kama angekuwa nayo, na akanyanyua vidole viwili: sasa ni mapumziko, aje baada ya saa mbili.